Siku Tatu za Lulash Nje ya Mlango

Kaka yangu Lulash aliiona nchi yake kwa mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na saba, kupitia dirisha la gari langu, huku mtu aliyepaswa kumuua amekaa kiti cha nyuma akitafuna mbegu za alizeti. Usukani niliushika mimi. Kwa hiyo anayetaka kunisahihisha aje anisahihishe uso kwa uso.

Chanzo chake ni maji. Mwaka ule watu walipovunja maghala ya silaha ya serikali na kila nyumba ikalala na bunduki, baba yetu aligombana na jirani yetu Nikë kwa ajili ya mfereji. Zamu ilikuwa ya Nikë mpaka saa nne asubuhi, baba akayageuza maji saa tatu na nusu. Walianza kwa matusi, wakaja kwenye majembe, kisha baba akaingia ndani akatoka na bunduki na kumpiga Nikë risasi mbili za kifua. Nikë aliangukia ndani ya mfereji uleule, na maji yakaendelea kuja shambani kwetu siku nzima, kwanza mekundu, baadaye maji tu, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kwenda kuyafunga. Mahindi yale tuliyavuna na tukayala. Baba alifia gerezani miaka minne baadaye.

Kwetu milimani kifungo hakilipi damu. Damu humngoja mwanamume wa nyumba ile, na kwetu alibaki mmoja tu, Lulash, mwenye miaka minane. Mama akamvuta ndani akafunga mlango. Ndani ya nyumba yake hakuna wa kumgusa, hata adui akisimama uani na bunduki mkononi. Akivuka kizingiti, amejitoa mwenyewe. Mwanamke hahesabiwi katika mambo hayo, haui wala hauawi, ndiyo maana kulima, kukata kuni, kuvuna majani ya dawa mlimani na kuyauza mjini Shkodër, kubishana na watu wa umeme, vyote vikawa vyangu tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Watu humwonea Lulash huruma. Nami namwonea, lakini naomba ikumbukwe kwamba aliyekaa kivulini miaka kumi na tisa ni yeye, na aliyepasuka visigino ni mimi.

Alikua mrefu, mweupe wa kutisha, mikono laini kuliko ya bibi harusi. Televisheni ndiyo iliyomlea. Aliijua mitaa ya Madrid kwa majina, na mto unaopita nyuma ya kanisa letu alikuwa ameshausahau. Hakuwa mtu wa kuomba kitu. Kwa hiyo nilishtuka siku mama mdogo alipopiga simu kutoka Sarandë, kusini kabisa ya nchi. Mama alikuwa huko kwa miaka mitatu, akifua mashuka ya mahoteli ili sisi tule, na sasa hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani kwa mdogo wake akafie kitandani. Lulash alizima televisheni, akaniambia anataka kumwona.

Nilikwenda kwa Preng, ndugu wa marehemu Nikë na mkubwa wa nyumba ile. Waliniletea kahawa, nikaiacha ipoe, kwa sababu kwetu anayekuja na ombi hanywi mpaka ajibiwe. Preng alinitazama mpaka kahawa ikapoa kabisa. Mwishowe akatoa besa, yaani neno lake, ambalo mtu wa kwetu hulitoa mara moja na kufa nalo. Siku tatu: kuanzia Ijumaa alfajiri mpaka Jumapili jua linapozama. Jua likizama Lulash akiwa nje ya mlango wake, shauri yake. Na kwa siku hizo tatu atafuatana na Gjeto, mtoto wa kiume wa marehemu, ili Lulash asitoroke na ili mtu yeyote asimguse. Akiguswa, aibu ni ya Preng.

Nikanywa kahawa yangu, baridi na chungu, nikasema asante. Nilitamani kummwagia usoni.

Gjeto alikuwa na miaka ishirini na mitano, mwembamba, fundi wa kupiga plasta. Ijumaa alfajiri alikuja na bastola ya baba yake kiunoni. Preng alikuwa amemwonya mbele yangu kwamba bastola ile ina kazi moja tu duniani, isitolewe kwa jambo lingine lolote. Lulash alifika kizingitini na mguu ukagoma. Alisimama pale na mfuko wake wa nguo, jasho likimtoka.

"Toka, bwana," Gjeto akamwambia. "Leo ndiyo siku hakuna wa kukuua. Ningekuwa wewe ningetoka mbio."

Alitoka ameinama, kama mtu anayepita chini ya waya. Mpaka Lezhë aliinama hivyohivyo kila pikipiki ilipotupita, na kila mara Gjeto alicheka mpaka akapaliwa na mbegu zake. Kisha milima ikaisha, uwanda ukafunguka, na Lulash akafunika uso kwa viganja. Nilidhani analia. Kumbe macho yalikuwa yanamuuma. Kwa miaka kumi na tisa kitu cha mbali kuliko vyote alichokitazama kilikuwa ukuta wa uani kwetu, na sasa macho hayakujua yashike wapi.

Alipozoea, akaanza maswali. Nchi hii ina vumbi la namna gani, hata kila baada ya nyumba tatu kuna mtu anaosha magari? Na ile midoli iliyotundikwa shingoni kwenye nyumba ambazo ujenzi wake haujakwisha, ni nani ameinyonga? Gjeto akamweleza kwamba ni ya kuzuia kijicho, na kwamba yeye mwenyewe hapigi plasta nyumba isiyo na mdoli. Lakini kilichomshangaza zaidi ni mawe ya marumaru kando ya kona, kila moja na picha ya kijana anayecheka. Nikamwambia hao ni waliotaka kulipita gari la mbele kwenye kona. Wote? Wote. Kwa mwendo wa kilometa kumi akahesabu mawe ishirini na mawili, kisha akasema inaelekea nyumbani hapakuwa pabaya sana.

Huko Fier tulikula. Masharti ya besa ni kwamba mlinzi anakula anachokula mlindwa, kwa hiyo walikatiana mkate mmoja na kuchovya bakuli moja la maziwa ya mgando. Wakabishana kuhusu mpira. Gjeto alimwita Lulash profesa wa kochi, Lulash akamwambia mtu anayeshabikia timu kama ile hastahili kupewa hata manati, sembuse bastola. Walicheka mpaka mwenye mgahawa akageuka. Niliwakasirikia wote wawili, na nilimkasirikia mama kwa kufa, na baba kwa ile nusu saa ya maji.

Kisha tukapanda Llogara, mahali barabara inapokwea msituni na ghafla bahari yote iko chini ya miguu yako. Nilisimamisha gari mbele ya mgahawa wa kuchoma kondoo, kwa kuwa Lulash alikuwa anataka kutapika. Akashuka, akatapika, akainua kichwa, akaiona bahari. Akasimama katikati ya maegesho, mikono imening'inia, mdomo wazi. Gari jeusi kubwa likaja nyuma yake likapiga honi. Hakusogea. Mtu aliyekua nje anasogea bila kufikiri. Lulash hakuwahi kupigiwa honi maishani mwake, wala hakujua inamhusu.

Wakashuka vijana watatu wenye vifua vilivyovimba. Mmoja, mwenye shati jeupe, akamuuliza kama ni kiziwi au mjinga. Lulash akamwomba radhi, kwa lafudhi yetu ya kaskazini.

"Kumbe mbuzi wa milimani," yule akasema. "Nani kakufungulia zizi?"

Akampiga kofi. Kofi la pili lilimtoa damu puani. Sasa sikilizeni kaka yangu alifanya nini. Hakurudisha, wala hakukimbilia kwenye gari. Alitembea haraka mpaka mgahawani, akaingia, akageuka akasimama akiwatazama, ametulia kabisa, mikono chini. Alikuwa amefika chini ya paa. Maisha yake yote hatari ilikuwa nje na paa lilikuwa mwisho wa hatari, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba huko kusini paa ni la kuzuia mvua tu.

Walimfuata ndani. Nilisikia kiti kikivunjika mgongoni kwake kabla sijafika mlangoni. Walikuwa wamemshika nywele, wanamgonga uso kwenye kaunta, moja, mbili, na yeye bado hakuinua mkono, akitazama huku na huku kwa macho ya mtu aliyeona jambo lisilowezekana. Nikamrukia mmoja shingoni. Alinitupa juu ya meza.

Gjeto alipita kando yangu. Niliona mkono wake ukienda kiunoni, ukagusa bastola, ukarudi mtupu. Akachomoa chuma kirefu cha kuzungushia kondoo, kilichokuwa bado kinafuka mafuta. Mwenye shati jeupe alivunja chupa akamkata mkono, kutoka kiwiko mpaka kifundo, nyama ikafunguka. Gjeto hakuutazama hata huo mkono. Alimpiga pigo la kwanza begani, la pili sikioni. Yule kijana akakaa chini taratibu, shati lote jekundu, akaanza kukoroma macho wazi. Wenzake wakamwachia Lulash. Gjeto alimpiga mmoja wao goti likageuka nyuma, na aliendelea kuinua kile chuma juu ya mtu aliyelala mpaka nilipomkumbatia kwa nguvu zangu zote nikimwomba aache, basi, inatosha. Mafuta ya kondoo na damu vilinukia pamoja, na tangu siku hiyo kondoo wa kuchoma simwezi.

Nilimfunga Gjeto mkono kwa fulana tukaondoka kabla mtu hajazinduka kutuzuia. Lulash, midomo imepasuka, akageuka nyuma kutaka kumshukuru.

"Usinishukuru," Gjeto akasema. "Wewe ni wetu. Hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kukugusa."

Alisema bila ukali, kama mtu anayetaja bei ya saruji. Ijumaa ile asubuhi alikuwa hajawahi kumpiga mtu zaidi ya ngumi za shuleni.

Huko Sarandë, mama alikuwa amebaki mifupa na macho. Alimpapasa Lulash uso wenye majeraha kwa muda mrefu, hakuuliza yametoka wapi. Kisha akanyoosha kidole dirishani. Kisiwa cha Korfu kipo pale mbele, mwendo wa nusu saa kwa meli, nchi nyingine. "Panda meli, mwanangu," akamwambia. "Nimekaa hapa miaka mitatu naitazama hiyo meli kwa ajili yako." Gjeto alikuwa kwenye ngazi nje, mlango wazi, anasikia kila neno. Hakuinuka.

Lulash akasema hawezi. Yule kijana pale kwenye ngazi alichanwa mkono kwa ajili yake, akasema, na akitoroka yeye, Gjeto hatakuwa na pa kuweka uso milele. Nikamvuta jikoni nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia nimembeba miaka kumi na tisa, na leo kwa mara ya kwanza ningeweza kumtua, naye anataka kurudi mgongoni kwangu. Nilimpiga kofi, juu ya yale majeraha. Akaniambia, "Najua, Drane," akarudi kukaa na mama. Mama alikufa Jumamosi adhuhuri, mkono wake ukiwa ndani ya ule mkono laini wa mwanawe.

Tukamzika Jumapili asubuhi. Mchungaji wa roho zetu alichelewa, mchimba kaburi alikutana na mwamba, na saa sita mchana ndipo nilipowasha gari. Nilipitia njia ya ndani, ya Gjirokastër, ili nisiione tena Llogara. Preng alipoweka jua kuwa mpaka alihesabu mwendo wa gari kwenye barabara tupu. Alisahau, na mimi mwendesha gari nilisahau pia, kwamba Jumapili ya Agosti watu wetu wote wanaofanya kazi Ujerumani na Italia wako barabarani na mashemeji zao. Tulikwama Fier. Tukakwama Durrës. Saa moja na robo jioni tulikuwa kwenye foleni karibu na daraja la Milot, magari yamezima injini, watoto wanakojoa kando ya njia. Kufika nyumbani kulikuwa bado mwendo wa saa moja na nusu. Jua lilikuwa limebakiza upana wa vidole viwili.

Simu ya Gjeto ikalia. Preng ni mzee, anapiga kelele kwenye simu, tulimsikia wote watatu. Yule wa shati jeupe amekufa hospitalini, alisema. Namba ya gari imeshajulikana, na jina la Gjeto limeshajulikana. Marehemu ana ndugu wanne. Kisha akauliza wako wapi, na Gjeto akamwambia.

"Basi jua likizama, maliza kazi yako hapohapo," Preng akasema. "Halafu usirudi. Vuka mpaka."

Simu ikakatika. Nilimtazama Gjeto kwenye kioo. Alikuwa ameshaitoa bastola, ameilaza pajani. Sikuwa na pa kwenda, mbele gari la Wajerumani bandia, nyuma lori la matikiti.

Lulash ndiye aliyefungua mlango. Yeye aliyegoma kizingitini siku mbili nyuma alishuka bila kusita, akasimama kati ya magari, akaligeukia jua.

"Shuka, Gjeto," akasema. "Si ndani ya gari la dada. Ndilo linalomlisha."

Gjeto akashuka. Nami nikashuka, nikasimama kati yao, nikamwambia Gjeto kwamba mimi sihesabiwi lakini nina mwili, na risasi itapita kwangu kwanza. Nilikuwa nalia kwa hasira. Watu kwenye magari waliona bastola wakaanza kupandisha vioo, mmoja mmoja. Jua likagusa upeo, likazama nusu, likaisha. Niliisikia injini ya lori nyuma yetu ikiwashwa.

"Nimeshaua mmoja wiki hii," Gjeto akasema. Akairudisha bastola kiunoni. "Ingieni, foleni inasogea."

Tukaingia. Tulipokaribia Shkodër akaegemea mbele, kichwa chake kati ya viti vyetu, akauliza kwa sauti ya chini, "Lulash. Siku ya kwanza ulipofungiwa, ulikaa upande gani wa chumba?"

Kaka yangu alifikiri. "Wa dirisha. Ulikuwa ujinga. Kaa upande wa jiko, ukuta wake ni mnene."

Kwetu Gjeto alishuka kwanza. Besa ilikuwa imeisha kitambo, na binamu zake wangeweza kuwa wanamvizia Lulash popote gizani. Akasimama mgongo kwa mgongo na Lulash mpaka Lulash akavuka kizingiti, kisha akaenda zake kwa miguu.

Siku ya pili alijisalimisha polisi. Mahakama ilimwachia baada ya miezi minane, kwamba alikuwa anamtetea mtu. Ndugu wanne wa marehemu walihudhuria kila siku, na hawakuja kusikiliza sheria, walikuja kuukariri uso wake. Alirudi kijijini akaingia ndani, na hajatoka. Lulash naye yumo ndani, kwa kuwa Preng bado yu hai na damu ya Nikë bado iko palepale. Nyumba mbili, mfereji katikati, mwanamume mmoja kila upande. Dada yake Gjeto, Dila, sasa amejifunza kuendesha gari. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Tunakutana sokoni Shkodër kila Jumatano, naye huniletea swali la kaka yake. Miguu ikivimba afanyeje? Lulash akajibu apande na kushuka ngazi mara mia, asubuhi na jioni. Usingizi ukikatika? Abadilishe chumba. Kila jibu nalipeleka, na Dila anasema linamsaidia.

Wiki iliyopita Gjeto aliuliza: ni mwaka wa ngapi mtu huacha kusikiliza hatua za watu nje ya mlango? Nilimfikishia Lulash swali hilo akiwa anamenya viazi. Alimenya kimoja, akamenya cha pili, akakiweka chini.

"Mwambie nikifika huo mwaka nitamjulisha," akasema.